Etiketi za Minago

Vijana mliochukua sanduku langu la barafu, amahoro.

Nimeanza kuandika haya Jumatatu na leo ni Ijumaa. Mkono wangu ni mzito. Shule yangu iliishia darasa la sita, na hata huko nilikuwa yule anayebaki akinakili ubao wakati wenzake wameshafika ziwani kuogelea. Haya yote ningewaambia kwa mdomo siku mlipokuja kuchukua vifaa, lakini mlikuwa wanne, nyote mnaongea kwa pamoja, nami mbele ya watu wanne sina sauti. Nikawapa ufunguo, nikawaonyesha jinsi ya kufunga sanduku nyuma ya moto, ile pikipiki yenu, ili lisiyumbe kwenye mashimo, mkaondoka.

Kisha nikabaki na wasiwasi, kwa sababu niliziona etiketi zenu. Zimechapwa tayari Bujumbura, safi, zina ile mistari myeusi ya bidhaa za dukani, na jina la mahali limeshaandikwa: Gatete, Minago, Gitaza. Yule wenu mwenye miwani akaniambia, "Mzee Amisi, sasa hakuna kuandika. Ni kubandika tu."

Tangu hapo sijatulia. Nitawaeleza kwa nini. Lakini niacheni nianze na mayai, maana kazi yenyewe ilinianzia kwenye mayai.

Nilikuwa kijana, nauza mayai sokoni Rumonge. Siku moja alikuja mwanamke mwembamba, viatu vimejaa matope, akauliza kama mayai ni ya leo. Nikaitikia kwa kichwa. Akachukua trei mbili. Baada ya wiki mbili akarudi, akasimama mbele ya meza yangu, na kwa sauti iliyofika mpaka kwa wauza mawese akasema:

"Wewe kijana! Mayai yako haiko na baba!"

Soko lote lilicheka. Mama Furaha, Mkongomani wa Uvira aliyeuza ndagala kando yangu, alipiga makofi. "Yoo! Amisi, kumbe unauzishaka yatima!"

Yule mwanamke alikuwa Dogiteri Spes, mtu wa milimani, na kazi yake ilikuwa kuchunguza virusi vya mafua makali, yale tunayoyaita gripe, ya watu na ya ndege. Wakati ule hakukuwa na mashine. Ili kujua kama mgonjwa ana gripe, ulichukua majimaji ya pua yake, ukayaingiza ndani ya yai lenye kifaranga kinachokua, ukangoja siku kadhaa. Kirusi hakizaliani mahali pasipo na uhai. Sasa yai lisilo na kifaranga ni chakula tu, na mimi jogoo wangu nilikuwa nimemuuza sikukuu. Kuku wangu walikuwa wajane. Mayai yale hata yangeatamiwa mwaka mzima yasingetoa kitu.

"Unaweza kunipatia mayai yenye baba?" akauliza.

Nikasema ndiyo.

"Unaongea na mimi, au unaongea na mayai?"

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi. Nilijifunza kupima yai kwa tochi iliyotiwa kwenye kopo lenye tundu: ukiona mishipa myekundu imetanda kama buibui, kuna uhai, ukiona kiza kitupu au mwanga mtupu, liweke kando. Nilipanda hiasi hadi Bujumbura na mayai mapajani, yamefungwa kitenge, abiria wananiuliza kama nabeba mtoto. Dogiteri aliangalia mikono yangu inavyoshika vitu, akasema kwamba mtu asiyevunja yai kwenye barabara ile anaweza kufundishwa kuchukua sampuli.

Akanifundisha. Kwa mtu, kijiti cha pamba huingia puani mpaka ndani, unakizungusha huku ukihesabu kumi, bila kuruka namba. Mzee mmoja mvuvi wa Gitaza aliniambia nilipofika saba, "Mwanangu, unatafuta nini huko, akili? Zilikwisha." Nguruwe wa Gatete mshikeni watu wawili, asiwaone mnakuja. Kwa bata, mdomoni hakutoshi, kijiti lazima kiingie na nyuma, na kwa ajili hiyo pwani nzima iliniita daktari wa matako ya bata. Nilizoea. Mtazoea.

Barafu mtaipata kwa wauza samaki, lakini ifungeni kwenye mfuko wake. Mara yangu ya kwanza sikuifunga. Maji ya mukeke, samaki wetu wa ziwani, yaliingia kila mahali, wino wa etiketi ukayeyuka, vichupa vyote vikawa havina majina. Dogiteri alifungua sanduku, akanusa, akasema, "Asante kwa supu." Tangu siku ile naandika kwa penseli, kwa maana wino hukimbia maji na penseli haikimbii. Na yale maji ya rangi ya waridi ya kutunzia sampuli ndani ya kichupa myaangalie kila saa. Yakigeuka manjano, sampuli imeoza, na safari yenu ilikuwa ya matembezi.

Dogiteri alijua haya zangu. Nilifika kwenye nyumba za watu, nikabisha, nikasimama. Wasipotoka haraka nilirudi. Alinitazama siku moja akasema, "Gripe haiko na haya, Amisi. Inaingia bila kubisha. Wewe unabisha mara tatu halafu unarudi nyumbani. Sasa nani atamkuta mgonjwa kwanza?"

Jibu nililipata nikiwa kwenye hiasi. Hata leo najibu mtu nikiwa nimeshaachana naye njiani.

Sasa nifike kwenye etiketi. Kwa kuwa naandika polepole, na watu wakinitazama naandika polepole zaidi, nilijitafutia njia. Jioni kabla ya safari nilikaa nyumbani, nikaandika etiketi zote za mahali ninapokwenda kesho, nikazibandika kwenye vichupa vitupu. Nikifika, kazi yangu ni kijiti tu. Dogiteri aliniambia mara mbili niache. "Etiketi ni shahidi," alisema. "Shahidi hawezi kuandikwa kabla ya jambo kutokea." Niliitikia ego, ego, yaani ndiyo, na nikaendelea. Niliona ni maneno ya watu wenye mwandiko wa haraka.

Wakati ninaotaka kuwaambia, mashine ilikuwa imeshafika Bujumbura. Mayai hayakuhitajika tena kama zamani. Unaweka sampuli, baada ya saa chache mashine inaonyesha kama kuna gripe. Ilikuwa masika, ziwa limepanda mpaka kwenye nyua za watu, na mimi nilikuwa na vichupa vinne vilivyoandikwa Minago tayari sandukuni. Asubuhi ya Jumanne mvua ilikata barabara. Hakuna mwenye moto aliyekubali kwenda Minago. Nikabaki nyumbani.

Lazima mjue jambo moja la mtaa wetu wa Waislamu pale Rumonge, wale wenu ambao si wa kwetu. Ndege akifa mwenyewe ni nyamafu, haliwi. Kwa hiyo ndege akianza kulegea shingo, watu hupiga kelele, "Kisu! Kisu kiwahi!" Anachinjwa kabla roho haijatoka, analiwa, na jirani anapelekewa sahani. Hakuna ubaya moyoni mwa mtu. Ni kukataa kutupa riziki. Baba yangu, Mzee Ramadhani, ndiye aliyekuwa akiitwa na kisu chake. Fikirini sasa mtu anayefanya kazi ya gripe ya ndege, amelelewa nyumba ya kisu hicho. Miaka yote nilijua kwamba ndege mgonjwa ndiye wa kuogopwa kuliko wote, na kumnyonyoa ni kujipaka ugonjwa mikononi na puani. Miaka yote sikumwambia mtu wa mtaa wetu hata neno. Niliwaambia watu wa Gitaza, wa Gatete, wageni. Kwetu nilinyamaza.

Bi Zuhura, jirani yetu mjane, alifuga bata pale maji ya ziwa yalipoingia uani kwake. Mjukuu wake alikuwa anaolewa Ijumaa. Jumanne ile ile ya mvua nilimsikia ukutani:

"Amisi! Baba yako iko wapi?"

"Ameenda Bujumbura, kwa ajili ya macho."

"Basi leta kisu chake. Bata zangu zinakufa. Wawili nimeshawapoteza. Hawa wengine wawahi."

Nilikwenda na kisu, na sanduku nikalichukua pia. Uani kulikuwa na wanawake watano tayari, Bi Zuhura akiwemo, maji yanachemka. Mke wangu Hawa, mwenye mimba ya miezi saba, alikuwa ameshakaa nao kwenye kigoda. Bata walikuwa wamesimama kwenye matope, vichwa chini, mate yanawatoka.

Nikasema, "Bi Zuhura, pengine tungesubiri."

"Tusubiri nini? Wafe?"

"Pengine kuna..."

"Sema basi!" Akawageukia wenzake. "Mutoto huyu tangu zamani akiongea unafikiri anaomba chumvi." Wakacheka. Hawa naye alicheka, na mimi nikatabasamu. Nikainama, nikachinja bata tisa.

Wanne niliwapitisha nyuma ya choo kwanza, nikawatia vijiti, nikafunga vichupa. Vilikuwa na jina la Minago. Penseli ilikuwa mfukoni, na ufutio nilikuwa nao. Ningeweza kufuta. Lakini ningeandika nini? Ningeandika ua wa Bi Zuhura, siku tatu kabla ya arusi, nikijua watu wa serikali wa mifugo wakilipata jina lile watakuja na mavazi meupe kuua kila ndege na kumwaga dawa mbele ya wageni. Nikajiambia, hata hivyo vichupa havitaonyesha kitu. Niliporudi uani, manyoya yalikuwa yanaruka na upepo wa ziwa, mengine yamemshika Hawa kwenye nyusi. Jioni tulikula. Kesho yake barabara ikafunguka, nikatuma vichupa kwa hiasi.

Alhamisi alasiri simu ikalia.

"Amisi," akasema Dogiteri, "vichupa vyako vya Minago, vitatu vimewaka. Ni gripe. Aina gani, bado sijui. Inaweza kuwa ile nyepesi, inaweza kuwa ile mbaya. Watu wa mifugo wanateremka Minago kesho asubuhi, na mimi nakuja nao. Wewe utatuonyesha nyumba."

Nikasema, "Ego, Dogiteri."

Vijana, nilisema ego. Na wakati nasema hivyo Hawa alikuwa chumbani tangu alfajiri, anatetemeka kwa homa.

Sitawaeleza usiku ule. Asubuhi nilimwachia dada yangu amwangalie Hawa, nikapanda moto. Njia nzima nilipanga maneno. Nilipofika Minago yote yakaanguka.

Watu wa mifugo walikuwa wameshavaa. Kulikuwa na pampu ya dawa, magunia, na watu wengi wamesimama kimya kando ya barabara. Mama mmoja mzee alikuwa amekumbatia bata wawili ndani ya kitenge chake, vichwa vinatokeza.

"Bata wangu hawaumwi," alikuwa anasema. "Angalieni macho ya huyu. Amekula muhogo asubuhi. Mgonjwa anakula muhogo?"

Mkubwa wa watu wale akaniuliza, "Ni wewe uliyechukua? Ni nyumba gani? Tuanze na huyu mama?"

Yule mama akanitazama. Hakuwa amewahi kuniona. Siku ile ya vichupa sikufika Minago kabisa, na sasa nilikuwa nimesimama pale kumwulia bata wake.

Dogiteri alikuwa karibu na gari. Nikamwendea.

"Si hapa," nikasema.

"Sema tena."

"Si hapa, Dogiteri. Etiketi ni za Minago, bata ni wa Rumonge. Kwa jirani yangu. Niliandika kabla. Nikachinja mimi mwenyewe, na wanawake wakanyonyoa, na tumekula. Hawa alinyonyoa. Ana homa."

Nilingoja anipige kelele. Akauliza kitu kimoja tu: "Walionyonyoa ni wangapi?"

"Sita."

"Majina."

Akanipa karatasi. Niliandika majina sita juu ya boneti ya gari, watu wote wananitazama, na sikumbuki kama mkono ulikuwa mzito. La kwanza niliandika Hawa.

Wakakunja pampu. Yule mama mwenye kitenge akaniambia, "Murakoze, mwanangu," na hakujua ananishukuru kwa nini. Asante ile ilinichoma kuliko tusi.

Tukageuza kwenda Rumonge, na huko ilikuwa zamu yangu. Uani kwa Bi Zuhura vyungu vya arusi vilikuwa motoni, wageni wa Bujumbura wameshafika. Dogiteri alinisukuma begani. "Ni watu wako. Sema wewe."

Nikasema. Nikasema kwamba bata walikuwa na gripe, kwamba nililijua jambo hilo kabla ya kushika kisu, na kwamba arusi isogezwe mpaka majibu yatoke.

Bi Zuhura akaweka mwiko chini. "Kumbe unakula kwetu, halafu unatuandika huko biro, kwa serikali!"

"Hapana, Bi. Kosa langu ni kwamba sikuwaandika."

"Ulikuwa na mdomo Jumanne?"

"Nilikuwa nao."

"Na ulikuwa unauwekea nini?"

Nikafungua sanduku. Akavuta kigoda, akakaa, akainua uso. "Leta kijiti chako. Anza na mimi. Na uhesabu kwa sauti, leo nataka kukusikia." Nikahesabu kumi. Wengine wakafuata. Mmoja alilia, si kwa kijiti, kwa hofu ya mtoto aliyekuwa anamnyonyesha. Safari hii niliandika kila etiketi mtu akiwa mbele yangu: jina lake, ua, mtaa. Nilikuwa polepole, na hakuna aliyenicheka.

Kituo cha afya kilimchukua Hawa kijiti, kikampima na malaria, ikaonekana. Nilitaka kufurahi. Dogiteri akanikata: "Malaria haifukuzi gripe. Zinaweza kulala kitanda kimoja. Subiri." Wakamweka chumba cha peke yake, nami nikakaa nje ya dirisha na barakoa. Kutwa nzima nilihesabu pumzi zake. Jumamosi asubuhi alifungua macho, akaniona, akasema kwa sauti ndogo:

"Amisi. Nikifa, etiketi yangu utaandika ya wapi?"

Alikuwa anatania. Nadhani alikuwa anatania. Sikuwahi kumwuliza.

Simu ya Dogiteri ililia mchana, kutoka Bujumbura. Wanawake wote sita hawana gripe. Na ile ya bata ni nyepesi, ile ambayo bata huibeba na kuogelea nayo bila habari. Kilichowaua kilikuwa ugonjwa mwingine, kipindupindu cha ndege. Nilikaa chini palepale kwenye changarawe. Dogiteri akasema, "Umebahatika. Usije ukaiita bahati hiyo kazi."

Hawa alipona. Mtoto alizaliwa masika yakiisha, na leo ni fundi cherehani Gatete. Arusi ilifanyika wiki iliyofuata, kwa samaki. Baba alirudi na jicho moja limefungwa, akasikiliza habari yote, akaosha kisu. "Kisu ni cha mnyama mzima," akasema. "Mwenye kulegea apite kwa Amisi kwanza." Wengine walimfuata, wengine mpaka leo wanawahi kisu wakiona sipo. Dogiteri hakunifukuza. Ila miaka yote iliyobaki, kila nilipompigia, kabla ya salamu aliuliza: "Uko wapi, na nani amesimama mbele yako?" Sasa amestaafu yuko kwao milimani, anafuga kuku, na ananiambia wote wana baba.

Lakini mimi bado nahesabu. Ingekuwa ile mbaya, kuanzia Jumanne mpaka Ijumaa ni siku tatu, watu sita, nyumba sita, na sahani zilizopelekwa kwa majirani. Na watu wa mifugo wangekuwa Minago wanaua bata wanaokula muhogo. Mashine ilifanya kazi yake vizuri kabisa. Ilisoma kirusi bila kosa. Jina la mahali ilisoma lile nililolibandika mimi.

Kwa hiyo, vijana, kwenye zile etiketi zenu nzuri, ombeni Bujumbura waache nafasi tupu ya mahali. Penseli moja itoshe wote wanne. Andikeni mkiwa na bata mkononi, hata kama mvua inanyesha, hata kama mama mwenye nyumba anawacheka. Hasa kama anawacheka.

Na jambo la mwisho, la haraka, ndilo lililonifanya nisingoje Jumapili kumaliza barua hii. Jana jioni Bi Zuhura aliniita ukutani. Sasa ni bibi sana, haoni vizuri. "Amisi," akasema, "kuku wangu mmoja amekunja shingo tangu asubuhi. Sijaita kisu. Nani anakuja na kijiti siku hizi?"

Nilimwambia sanduku liko kwenu. Nikamwandikia namba ya simu yenu kwenye kipande cha karatasi, kwa tarakimu kubwa. Atapiga leo au kesho. Mtamsikia anasalimia, anauliza mvua ya huko, anauliza kama mmekula, anauliza ninyi ni watoto wa nani. Halafu atanyamaza kidogo. Msikate simu.